Kupanga Nyumba Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nilihamia Dodoma na begi moja na godoro, nikiwa na jina la mtaa mmoja tu kichwani. Sasa niko nyumba ya nne, na simu yangu haiishi maswali ya ndugu, wafanyakazi wenzangu na vijana waliopangiwa kazi au chuo huku. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia. Orodha ya bei za kodi sikuiweka makusudi, maana kodi hubadilika kwa mtaa, kwa msimu na hata kwa sura ya anayeuliza. Palipo na kiasi cha kodi au nauli, ni mfano wa hesabu tu.

## Mambo ya mwanzo

Chumba singo, masta, chumba na sebule, apatimenti: tofauti ni nini?

Chumba singo ni chumba kimoja, choo na bafu viko nje na mnachangia na wapangaji wengine. Masta kina choo na bafu ndani, na pengine kajiko kanakotosha jiko la gesi na mtu mmoja aliyesimama. Chumba na sebule ni vyumba viwili vinavyofuatana. Uliza mapema choo kiko wapi, kwa sababu jibu hilo dalali hulibakiza mpaka mfike. Nyumba ya kujitegemea ni nyumba nzima, aghalabu yenye uzio na geti lake.

Apatimenti kwa Dodoma si lazima iwe ghorofa. Mara nyingi ni nyumba ndefu ya chini iliyogawanywa milango mitatu au minne ndani ya uzio mmoja, kila mlango na jiko na choo chake. Ukiahidiwa apatimenti ukakuta hakuna ngazi, hujatapeliwa.

Nianzie kutafuta mtaa gani?

Anzia unakokwenda kila asubuhi. Mji huu umetanda kufuata barabara kuu nne: ya Dar es Salaam, ya Singida, ya Iringa na ya Arusha kupitia Kondoa. Ukipanga upande mmoja na kazi ikawa upande mwingine, utapita katikati ya mji mara mbili kila siku.

Wa Mji wa Serikali Mtumba watazame Ihumwa, Nzuguni, Ilazo na Kisasa. Wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), Ng'ong'ona, Iyumbu na Makulu. Wa Chuo cha Mipango, Miyuji na mitaa inayofuata barabara ya Arusha. Wa Chuo Kikuu cha St. John's, Kikuyu. Mwenye shughuli sokoni Majengo au ofisi za mjini ana Chang'ombe, Chadulu, Makole na Mailimbili. Area C, Area D na Mlimwa ni mitaa tulivu na iko karibu na mji, na utulivu huo umo kwenye kodi.

Kabla hujafurahia kodi ya chini ya pembezoni, piga hesabu ya nauli. Tuseme daladala ni 600 na unapanda mbili kwenda, mbili kurudi: 2,400 kwa siku, sawa na 52,800 kwa siku 22 za kazi. Chumba kilicho nafuu kwa 40,000 kimeshakuwa ghali, na hapo hujapanda bodaboda usiku uliochelewa kikao.

Kuna msimu mzuri wa kutafuta?

Kuna misimu mibaya miwili. Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, huleta wageni wengi, na wenye nyumba za vyumba vyenye samani wanalijua hilo. Kisha vyuo vinapofunguliwa, kuanzia Oktoba, vyumba vya karibu na UDOM, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE), Mipango na St. John's hugombaniwa. Julai hadi Septemba kuna nafasi zaidi ya kuchagua. Ubaya wake ni kwamba ni kiangazi, na kiangazi huficha tabia ya nyumba wakati wa mvua. Tazama swali la mafuriko hapo chini.

## Kutafuta na madalali

Lazima nipite kwa dalali?

Si lazima, ila bila dalali unahitaji miguu. Shukia kituo cha mtaa unaoutaka asubuhi ya Jumamosi, tembea ndani, uliza kwenye genge, kwa fundi cherehani, kwa kijana wa bodaboda. Wale wanajua nani anahama kabla dalali hajajua. Nyumba yangu ya pili nilielekezwa na mama muuza mboga, nikamlipa kwa kununua nyanya kwake mwaka mzima.

Watumishi wa umma waulize pia Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), ambao wana nyumba za kupangisha watumishi, na Shirika la Nyumba la Taifa, lenye nyumba Iyumbu. Foleni ipo, lakini kuandika barua hakuna gharama.

Dalali analipwa kiasi gani?

Mazoea ni kodi ya mwezi mmoja, mara moja tu, na analipa mpangaji. Juu yake wengi hudai hela ya kuonyeshwa, iwe umeipenda nyumba au la. Kubalianeni kabla ya kuondoka kituoni: ni kiasi gani, kwa nyumba ngapi, na akikupeleka kwenye chumba kilichokwisha chukuliwa inakuwaje. Msipokubaliana utazungushwa siku nzima kwenye vyumba vya aina usiyoitaka, kila mlango na hela yake.

Angalia pia mnyororo. Dalali wako anampigia mwenzake, mwenzake naye anamjua mwenye funguo, mwishowe wanakusubiri watatu. Sema mapema kwamba unalipa fungu moja, wagawane wenyewe.

Nimeona picha za nyumba nzuri mtandaoni, dalali anataka nitume hela ya kuishikilia. Nitume?

Usitume. Kama uko mbali, mtume ndugu, mwanafunzi wa mtaani kwenu anayesoma huku, au mtu wa kanisani au msikitini kwako mwenye jamaa Dodoma. Asimame mlangoni akupigie kwa video. Ukikosa kabisa mtu, lala gesti siku tatu utafute mwenyewe. Ni nafuu kuliko kodi ya miezi mitatu uliyotuma kwa nyumba isiyokuwepo.

Na ukishapanga utakutana na ndugu wa utapeli huo: ujumbe wa simu kutoka kwa "mwenye nyumba wako" anayedai namba yake ina tatizo, kwa hiyo kodi itume kwenye namba hii nyingine. Unatumwa kwa maelfu ya watu kwa kubahatisha, na siku zote kuna mmoja ambaye kodi yake imeisha jana. Mpigie mwenye nyumba kwa namba unayoijua.

Nitajuaje kwamba huyu ndiye mwenye nyumba?

Waulize majirani wawili bila yeye kuwepo: "Hii nyumba ya nani?" Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti au mtendaji anawajua wamiliki, na wewe utahitaji kujitambulisha kwake hata hivyo. Akijitokeza ndugu wa mmiliki, ongea na mmiliki kwa simu na upate maandishi yanayomruhusu huyo ndugu kupokea kodi. Ukilipa, jina linalotokea kwenye simu lifanane na la kwenye mkataba.

## Pesa

Kwa nini wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo?

Kwa sababu wanaweza. Sheria ya mwaka 1984 iliyodhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na idadi ya miezi ni makubaliano. Wapangaji wakiwa wengi kuliko nyumba, mwenye nyumba ndiye anayekubaliana zaidi.

Lakini ni makubaliano, hivyo jaribu. Nyumba iliyokaa tupu miezi miwili ina mwenyewe mwenye njaa. Mwambie unaweza kuanza na miezi mitatu, kisha mitatu mingine kabla ya hiyo kwisha. Au kinyume: kama una akiba, toa ya mwaka mzima uombe punguzo la mwezi mmoja. Kwa mzee au mama wa makamo, nenda ana kwa ana, salimia vizuri, eleza kazi yako. "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, iliyotamkwa vibaya imewahi kunishushia kodi. Ya simu haijawahi.

Nahitaji kiasi gani mkononi kabla ya kuhamia?

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu wanaulizia kodi ya mwezi na kudhani ndiyo bei. Chukua kodi ya mfano, 100,000. Miezi sita ni 600,000. Dalali, 100,000. Gari la kuhamisha vitu, tuseme 40,000. Kitasa kipya, balbu, madumu, umeme na maji ya kuanzia, 60,000. Jumla 800,000, mara nane ya ile kodi uliyoambiwa.

Baada ya hapo miezi mitano ni ya kuponza. Hudaiwi na mtu, mshahara unaonekana mkubwa, mwezi wa sita unakukuta mweupe. Tenga kodi kila mwezi kana kwamba mwenye nyumba anagonga mlango tarehe ileile: kwenye kikoba, kwenye akaunti isiyo na kadi, au kibubu kama unajiamini.

Mshahara wangu ni mdogo. Kodi gani itanifaa?

Hesabu kwa kinachofika mkononi. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Baada ya mfuko wa hifadhi, bima ya afya na kodi ya mapato, hapo inabaki kama 440,000. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo anakatwa tena asilimia 15 ya mshahara, yaani 75,000, na anabaki na kama 365,000.

Mimi husema kodi, nauli ya kazini, maji na umeme kwa pamoja visipite theluthi ya kilichobaki. Kwa huyo wa 365,000 ni kama 120,000 kwa vyote vinne. Ndiyo, inabana. Ndiyo maana wengi huanza na singo, au wawili huchangia chumba na sebule. Kama mnachangia, majina yote mawili yaingie kwenye mkataba, maana mwenzako akiolewa au akihamishwa ghafla, wewe ndiye utakayebaki ukieleza.

## Kukagua nyumba

Niangalie nini kwanza?

Maji. Dodoma ni nchi kame yenye msimu mmoja wa mvua, na kwa miaka mingi mji umetegemea visima vya Mzakwe. Mgao upo, na mitaa haifanani: mmoja maji yanatoka karibu kila siku, wa jirani yake yanatoka siku mbili kwa wiki, tena usiku.

Kwa hiyo swali "Maji yapo?" halina maana, utajibiwa yapo. Muulize mpangaji unayemkuta anafua: "Maji yanatoka siku gani, na yakikatika mnanunua dumu shilingi ngapi?" Tazama kama kuna simtanki, ni la lita ngapi, linahudumia milango mingapi, na nani anajaza. Ukiona foleni ya madumu nje ya kila mlango, umeshajibiwa. Onja pia. Visima vya baadhi ya maeneo vina chumvi. Kwa kuoga utazoea, kwa chai hutazoea, na birika litaota ukoko mweupe ndani ya mwezi.

LUKU ya kuchangia ina shida gani?

Mbili. Ya kwanza ni ugomvi: wewe una taa mbili na chaja, jirani ana friji na pasi ya kila asubuhi, na mchango ni sawa kwa sawa.

Ya pili wengi hawaioni. Wateja wadogo wa majumbani wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi hununua yuniti kwa 100 kabla ya tozo. Wateja wa kawaida hununua kwa 292. Milango minne ikiwa kwenye mita moja, ni rahisi nyumba kuvuka 75 hata kama kila mlango unatumia kidogo, na hapo wote mnalipia bei ya juu. Chumba chenye LUKU yake kinaweza kuzidi kodi kidogo na bado kikawa nafuu. Kama mita ni moja, omba angalau mita ndogo ya kila mlango, mlipe kwa kusoma.

Nitajuaje kama nyumba inafurika au ina mabati mabovu, na sasa ni kiangazi?

Mvua za Dodoma ni za Desemba hadi Aprili, na zikija huja kwa hasira kwenye ardhi tambarare. Maeneo kama Nkuhungu yamewahi kuona maji yakizunguka nyumba. Mwezi wa nane yote hayo ni vumbi. Tafuta mstari wa tope ukutani nje, rangi iliyovimba chini ya dirisha, madoa ya kahawia kwenye jipsamu, kizingiti kilichojengewa matofali mlangoni. Hakuna anayejenga kizingiti kama hicho kwa urembo.

Nyufa nazo zitazame. Dodoma hutikisika mara kwa mara, na nyufa nyembamba kwenye plasta ni za kawaida. Ufa unaoingiza kidole, au unaotoka kona ya dirisha hadi chini, muachie mwenyewe.

Nimeona alama ya X nyekundu ukutani. Ni nini?

Kwa kawaida ina maana nyumba imo ndani ya hifadhi ya barabara au eneo la mradi, na inaweza kubomolewa. Mwenye nyumba atakwambia ni ya zamani. Kamuulize mtendaji wa mtaa. Kama hakuna anayeweza kusema ubomoaji ni lini, usilipe zaidi ya mwezi mmoja mmoja.

## Mkataba

Mkataba wa mdomo unatosha?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua pangisho fupi, isiyozidi mwaka, hata ya mdomo. Tatizo ni kuithibitisha mkigombana. Karatasi moja inatosha: majina na namba za NIDA, nyumba ilipo, kodi na kipindi, tarehe ya kuanza na kuisha, nani analipa maji, nani anatengeneza nini, notisi ya muda gani, sahihi zenu na za mashahidi wawili. Watu wengi huisaini mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Kama kiasi ni kikubwa, mkataba ulipiwe ushuru wa stempu. Bila huo mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe. Na kila ukilipa kodi dai risiti, hata ya daftari la shule. Ujumbe wa muamala wa simu usiufute.

Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU yangu. Ni mzigo wangu?

Ni mzigo wa mmiliki. Tangu 2021 inakusanywa kupitia LUKU, na sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, au 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa, au kwa kila apatimenti. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, kwa hiyo andikeni kwenye mkataba kwamba itapunguzwa kwenye kodi ya nyumba. Kwa miezi sita ni 9,000. Ni ndogo, lakini ni yako.

Bomba limepasuka, nani anatengeneza?

Paa, kuta, mfumo wa maji na umeme, choo kilichojaa: mwenye nyumba. Balbu, kitasa ulichovunja, bomba uliloacha mtoto alining'inie: wewe. Ukitengeneza kwa hela yako kwa makubaliano kwamba itakatwa kwenye kodi, apate bei kwa ujumbe wa simu, na akubali kwa ujumbe, kabla fundi hajaanza.

## Mkishatofautiana

Amepandisha kodi katikati ya mkataba. Anaruhusiwa?

Kipindi ulichokwisha lipia hakiguswi. Kipindi kikiisha anaweza kudai anachotaka, na wewe unaweza kukataa na kuhama. Ndiyo sababu nasema andikeni mapema kwamba kodi haitapanda kwa mwaka mmoja.

Anataka nitoke wiki hii.

Kama hamkuandika notisi, sheria hutazama kipindi mnacholipana: anayelipa kwa mwezi, notisi isipungue mwezi. Kufunga mlango kwa kufuli lake, kukata umeme au kung'oa bati si notisi. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa. Mengi huishia pale, kwenye benchi, kwa aibu ya majirani. Likishindikana kuna Baraza la Kata, ambalo tangu 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na karatasi zako zote.

## Nje ya jiji

Nimepangiwa Mpwapwa, Kongwa, Kondoa au Kibaigwa. Mambo ni yaleyale?

Kodi hushuka, na kubembeleza miezi mitatu ni rahisi zaidi. Shida ni kwamba nyumba zenye choo ndani na maji ya bomba ni chache, na zikipatikana hurithishana watumishi: daktari akihamishwa, mwalimu anaingia. Madalali ni wachache pia. Kwa hiyo usitafute nyumba, tafuta anayehama. Piga simu shuleni, hospitalini au halmashauri unakokwenda kabla hujasafiri, uulize nani ana uhamisho.

Kibaigwa ni tofauti kidogo. Ni mji wa soko la mahindi kando ya barabara kuu, na wakati wa mavuno wafanyabiashara na madereva huchukua vyumba. Ukiripoti msimu huo, jiandae kulala gesti.

Huko kila mtu atajua umepanga kwa nani kabla hujafungua begi. Usilalamike kuhusu mama mwenye nyumba dukani. Dukani ni kwa shemeji yake.

## Hali za pembeni

Mwenye nyumba amefariki na watoto wake watatu kila mmoja anadai kodi.

Usimlipe yeyote mpaka mmoja alete barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Wajulishe wote kwa maandishi kwamba kodi ipo na utamlipa msimamizi, itenge, na nakala mpe mtendaji wa mtaa. Ukimlipa anayepiga kelele zaidi, wawili waliobaki watakudai tena.

Nyumba imeuzwa na mnunuzi anataka nihame.

Kuuzwa hakufuti mkataba ulio hai. Mnunuzi ameinunua nyumba na wewe ndani mpaka muda uliolipia uishe. Akitaka uhame mapema, anunue hiyo miezi: akurudishie kodi iliyobaki na gharama ya kuhama, kabla hujatoa kitanda.

Nimepata uhamisho na nimeshalipa miezi sita. Nitarudishiwa?

Mkataba usiposema, mara nyingi hapana. Wenye nyumba wengi hela wameshaiezekea bati mahali. Njia inayofanya kazi ni kumletea mpangaji wa kuchukua nafasi yako, akakulipa wewe miezi iliyobaki, mwenye nyumba akakubali mbele yenu wote wawili na jina likabadilishwa kwenye karatasi. Itangaze nafasi hiyo kazini kwako kabla hujamtafuta dalali, maana dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kutoka kwa huyo mpya, na hiyo ndiyo hela ambayo angekulipa wewe.

Naambiwa "hatupangishi wasichana wasioolewa" au "hatutaki watoto".

Utayasikia, hasa kwenye nyumba ambazo familia ya mwenye nyumba inaishi humohumo. Unaweza kubishana, lakini ukishinda utaishi na uliyembishia, mkichota maji simtanki moja. Wanawake niliowasaidia wamefanikiwa zaidi kwenye nyumba ambazo mwenyewe anaishi mbali, au kwa mama wajane, ambao huwa wanataka kujua jambo moja tu: kodi itakuja tarehe ngapi.